Ukuta wa jikoni, barabara ya Kibos: kilichotoka na kilichobaki

Nyumba ni bangalo ya vyumba vitatu vya kulala kando ya barabara ya Kibos, pale mji wa Kisumu unapoanza kuingia uwanda wa Kano. Ilijengwa miaka ya themanini kwa matofali ya kuchoma, ikapigwa plasta ndani na nje, ikaezekwa mabati. Wenyewe ni mwalimu mstaafu na mkewe, muuguzi ambaye bado yuko kazini. Watoto wameshatoka, wajukuu huja likizo. Ombi lao lilikuwa fupi: ukuta unaotenga jiko na chumba cha kulia utolewe, pawe mahali pamoja penye nafasi na kaunta, kama picha ambazo binti yao aliwaonyesha kwenye simu.

Fundi wa kwanza waliyemwita aliugonga ukuta kwa ngumi, akategea sikio, akasema, "Huu ni wa kugawa tu, Mwalimu. Kesho jioni hauko." Bei aliyotaja ilikuwa ya kubomoa, kuzoa kifusi na kuziba makovu kwa plasta. Mwalimu alikuwa tayari kutoa malipo ya awali. Mama ndiye aliyesita. Alitaka mtu mwingine atazame kwanza, na ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii kama msimamizi.

Nina msimamo kuhusu kazi za aina hii, na heri niuseme mapema. Ukuta wa jikoni katika nyumba zetu huwa na kazi ambazo hazijaandikwa kwenye ramani. Huu wa Kibos ulikuwa umebeba paa, ulikuwa unazuia harufu ya samaki isifike kwenye viti vya sebule, na ulikuwa unamsitiri anayepika. Mhandisi hushughulika na hiyo ya kwanza. Zile nyingine mwenye nyumba hukutana nazo akiwa ameshalipa, na kifusi kimeshamwagwa barabarani kuziba mashimo.

Vipimo vilikuwa hivi. Jiko lina mita 3 kwa 3.6, chumba cha kulia mita 3.9 kwa 3.6, na dari iko mita 2.7 kutoka sakafuni. Ukuta wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 3.6 na unene wa inchi 6, kutoka ukuta wa nje wa kaskazini hadi ukuta wa korido. Dirisha la jikoni linatazama magharibi, yaani ziwani. Mlango wa nyuma unatokea kaskazini. Mambo hayo mawili ya mwisho yalionekana madogo siku ya kupima.

Juu ya dari

Kugonga ukuta kwa ngumi hakukuambii chochote. Tofali lililopigwa plasta hulia vilevile liwe limebeba paa au halijabeba hata popo. Unachopaswa kujua ni vitu vitatu: ukuta una msingi wake au umeanzia juu ya sakafu, unene wake ukoje ukilinganishwa na kuta nyingine, na juu yake kuna nini. Hilo la tatu halionekani mpaka mtu apande.

Tulifungua bodi moja ya dari koridoni, tukaingia na tochi. Mchana wa Kisumu, chini ya mabati, hukai huko muda mrefu. Lakini hatukuhitaji muda. Seremala wa zamani hakutengeneza fremu kamili za pembetatu zinazotoka ukuta wa nje mmoja hadi wa pili. Alipandisha mbao za paa kama kawaida, kisha pale alipoona zimekuwa ndefu mno akateremsha viguzo vya mbao ya nne kwa mbili na kuvisimamisha juu ya kuta za ndani. Si ajabu, nyumba nyingi za umri huo zimeezekwa hivyo, na zimesimama. Viguzo viwili vilikuwa juu ya ukuta wetu.

Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia chini, kiasi kwamba ukikisukuma kwa kidole kinayumba. Kilikuwa kinaning'inia kwa misumari ya juu. Mchwa walipanda kwa njia ya udongo iliyojificha nyuma ya kabati la jikoni. Tulipotoka nje na kutazama paa kwa mbali tuliona mabati yamebonyea hapo, kidogo tu, kama mtu aliyeegemea godoro.

Fundi alikuwa bado anapigania kazi yake, na swali lake lilikuwa na akili. "Sasa kama kiguzo kimoja hakibebi na nyumba haijaanguka, si hata hicho kingine hakihitajiki?" Jibu ni kwamba kingine kilikuwa kinabeba kwa niaba ya vyote viwili, na mabati yaliyobonyea ndiyo ushahidi wa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ikikishinda. Ukikiondoa hicho, huenda paa lisianguke siku hiyo. Litaendelea kuzama, mvua kubwa ya Aprili ikija na upepo wake itakuta mbao zimeshapinda, na maji yatajikusanya pale palipobonyea.

Mwalimu alipinga jambo jingine. Kwa nini amwite mhandisi na kupitia ofisi za kaunti kwa ukuta wa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambao jirani hauoni? Namwelewa. Kama ungekuwa ukuta wa kugawa kweli ningekuwa upande wake. Lakini ukishagusa kitu kinachobeba paa, umeingia kwenye mabadiliko ya jengo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeweka ruhusa ya ujenzi mikononi mwa serikali ya kaunti. Zaidi ya sheria, kuna suala la nani atakayetia sahihi. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya akichora boriti, jina lake liko kwenye karatasi. Fundi wa ngumi hana karatasi. Mama alimaliza mjadala kwa kuuliza, "Na ikituangukia, tutampigia nani?"

Mita 2.4 badala ya 3.6

Watu wengi hufikiri kazi ya mhandisi ni kuchora boriti ya juu. Hapa muda mwingi ulienda chini. Ukuta wa mita 3.6 hueneza mzigo wake kwenye urefu wote huo wa msingi. Ukiutoa na kuweka boriti, mzigo uleule unashuka kwenye ncha mbili. Kwenye mwamba si shida. Barabara ya Kibos si mwamba. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi mpaka mkono unaingia ardhini. Mhandisi alichimbisha shimo dogo kila upande kuchungulia msingi. Wa ukuta wa nje ulikuwa umeshuka vizuri. Wa korido, kwa kuwa ni ukuta wa ndani, ulikuwa mwembamba na umeishia juu juu.

Kulikuwa na njia mbili. Kuvunja sakafu ya korido, kuchimba na kumimina kitako kipya cha zege kwa ajili ya nguzo. Au kutotoa ukuta wote. Alichagua ya pili, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yote ilipookolewa. Upande wa nje zilibaki sentimita 30 za ukuta, zikiwa zimeshikana na ukuta wa kaskazini wenye msingi mzuri. Upande wa korido zilibaki sentimita 90, ili mzigo ushuke kwenye urefu wa karibu mita nzima badala ya nukta moja. Uwazi ukawa mita 2.4.

Mama hakupenda. Picha za simu hazikuwa na kipande cha ukuta kilichosalia. Tulichora mistari kwa chaki sakafuni, tukasimamisha bodi ya dari mahali pa zile sentimita 90, akaketi mezani akatazama. Alikaa hapo kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: "Jiko la gesi likae nyuma ya hapo. Mgeni asinione nikitoa jasho."

Basi jiko la gesi likaegemezwa mgongo kwenye kipande hicho. Kaunta ya mita 1.4 ikawekwa kwenye uwazi, na mita moja ikaachwa ya kupita. Nyuma ya kiti cha meza tulihakikisha kuna sentimita 90, maana pungufu ya hapo mtu aliyebeba sufuria ya mchuzi lazima aombe watu wasimame.

Boriti ilichorwa na kina cha sentimita 25, vyuma viwili vya milimita 16 chini, viwili vya milimita 12 juu, na ringi za milimita 8 kila sentimita 15. Chuma kinene kiko chini kwa sababu boriti ikielemewa hupinda katikati, upande wa chini unavutwa na ule wa juu unabanwa, na zege hustahimili kubanwa lakini huchanika likivutwa. Nalieleza hili kwa sababu nilimkuta mtu wa mkono akiwa amekigeuza kikapu cha chuma juu chini, na asingepita mtu hapo kingemiminiwa hivyohivyo.

Utaratibu wa kubomoa ulikuwa: kwanza kubadilisha kiguzo kilicholiwa kwa mbao iliyotiwa dawa na kuua mchwa, kisha propu pande zote mbili za ukuta, zikisimama juu ya mbao pana ili zisitoboe sakafu, na kushikilia mbao za paa zenyewe, si bodi za dari, kisha kutoboa ukuta kuanzia juu, tofali kwa tofali, kwa nyundo na tindo. Nyundo kubwa haikuruhusiwa ndani. Kwa mita 2.4 kwa 2.7, kifusi kilikaribia tani moja na robo tatu, na ukishakitia kwenye wilibaro kinaonekana mara mbili ya ukuta ulivyokuwa.

Zege likamiminwa, likafunikwa magunia yenye maji kwa wiki nzima kwa sababu joto la huku hukausha juu kabla ya ndani kukomaa. Siku ya nne fundi alitaka kutoa propu. Alikuwa na kazi nyingine Mamboleo na propu zilikuwa za kukodi. Zege la siku nne linaonekana gumu, ukiligonga linalia. Lakini hata baada ya siku 7 huwa limefika kama theluthi mbili tu ya nguvu inayohesabiwa siku ya 28. Mhandisi alikuwa ameandika siku 14, na propu zilikaa siku 14. Mwalimu alilipa kodi ya ziada akinung'unika, naye alikuwa na haki ya kunung'unika, kwani hesabu ya kukodi ilifanywa kabla ya mtu kumuuliza mhandisi.

Sakafu

Hapa ndipo pesa zilipozama kuliko kwenye boriti. Jiko lilikuwa sentimita 4 chini ya chumba cha kulia, kama majiko mengi ya zamani, ili maji yakimwagika yasiingie ndani. Ukuta ulipokuwepo, tofauti hiyo ilifichwa na kizingiti cha mlango. Ukuta ulipotoka, ikabaki ngazi fupi katikati ya chumba, fupi kiasi kwamba jicho haliioni na kidole cha mguu kinaipata.

Kuishusha sakafu ya chumba cha kulia ilikuwa ghali mno. Kuinua ya jikoni kulimaanisha kukata mlango wa nyuma chini, kuinua bomba la kutolea maji ya sakafuni, kurekebisha miguu ya makabati, na zaidi ya yote kupoteza kizingiti kilichokuwa kinazuia mvua ya mlango wa nyuma. Waliinua. Nje ya mlango tukatengeneza kibaraza chenye mteremko wa kupeleka maji uani, na tailisi za aina moja zikatandikwa toka mwisho hadi mwisho. Kama ningekuwa nawashauri wengine, ningewaambia wapime tofauti ya sakafu kabla ya kuuliza bei ya kubomoa.

Samaki

Kwenye nyumba hii samaki hukaangwa mara kadhaa kwa wiki: ngege mzima, mbuta ya vipande, na omena ambayo harufu yake hukaa kwenye pazia hata sufuria ikishaoshwa. Zamani mlango wa jikoni ulifungwa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, mambo yakaisha. Sasa hakuna mlango wa kufunga.

Kuna jambo la ziwa ambalo anayechora nyumba Nairobi hawezi kulijua. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja bara. Usiku hugeuka, ukaenda ziwani. Dirisha la jikoni hili linatazama magharibi. Kwa hiyo alasiri, ukifungua dirisha ukidhani unatoa moshi, unaingiza upepo unaousukuma moshi uleule kuelekea mezani na kutoka hapo hadi sebuleni. Ukuta ulikuwa unaukatiza. Majirani wenye dirisha la jiko upande wa mashariki hawana shida hii mchana, na ndiyo maana ushauri wao wa "fungua tu dirisha" haukusaidia.

Mwalimu alishanunua feni ya moshi ya kuning'iniza juu ya jiko, ile inayovuta hewa, kuipitisha kwenye kichujio cha mkaa na kuirudisha chumbani. Kichujio hicho hupunguza harufu kikiwa kipya. Joto na mvuke wa maji hakipunguzi hata kidogo, na mvuke wa samaki hubeba mafuta. Kinachotakiwa ni feni inayotoa hewa nje kwa bomba.

Hesabu yake ni rahisi. Jiko la zamani lilikuwa na ujazo wa mita 29 hivi. Chumba kilichounganishwa kina karibu mita 68 za ujazo. Ukitaka hewa ibadilike mara kumi kwa saa unapopika, awali ungehitaji feni ya kutoa mita 290 za ujazo kwa saa. Sasa unahitaji ya karibu 700. Na nambari iliyoandikwa kwenye kasha mara nyingi hupimwa feni ikiwa haijafungwa bomba wala kona, hivyo ukishafunga vyote hivyo unapata pungufu. Tulichukua kubwa kuliko hesabu, bomba la milimita 150 badala ya 100, likapanda wima pembeni mwa zile sentimita 90 za ukuta hadi juu ya mabati, na kofia juu. Tungelitoboza kwenye ukuta wa magharibi, upepo wa ziwa ungeurudisha moshi ndani.

Boriti nayo ikatusaidia bila kuombwa. Mama alikuwa amelalamika kwamba inaning'inia sentimita 25 chini ya dari. Alitaka dari iliyonyooka. Lakini hewa ya moto hupanda na kutambaa chini ya dari, na ikifika kwenye boriti inagota, inajikusanya upande wa jiko, feni inaivuta. Fundi wa jipsamu alitaka kuificha kwa kushusha dari yote. Tulikataa, na mama akakubali baada ya kukaanga mbuta mara moja na kujionea.

Limebaki suala la stima. Ikikatika saa moja jioni, feni ni pambo, na samaki wako kwenye mafuta. Kwa hiyo tulitoboa matundu mawili ya hewa ya kudumu juu ya ukuta wa kaskazini wa jikoni, karibu na dari, yakiwa na wavu wa mbu. Hayatoi hewa kama feni lakini hayategemei nguzo ya stima.

Baada ya hayo yote, nitasema wazi kwamba suluhisho bora la samaki halikuwa ndani. Kwenye kibaraza cha nyuma tuliweka paa dogo la mabati na meza ya zege ya kuwekea jiko. Kukaanga samaki, chapati za wageni na maharagwe ya saa nyingi huenda huko. Jiko la makaa pia lilihamishiwa huko, na hili halikuwa suala la harufu. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu waliolala. Zamani ukuta na mlango uliofungwa viliitenga na korido ya vyumba vya kulala, sasa havipo. Mtu akikuuzia jiko la wazi bila kukuuliza makaa yatakaa wapi, hajafikiria nyumba ya Kisumu.

Gesi ilifuata njia hiyohiyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutambaa sakafuni, na sasa sakafu ni moja toka jiko hadi meza. Mtungi wa kilo 13 ulitolewa nje kwenye kikasha cha vyuma, bomba likapita ukutani. Stima nayo ilichukua siku zake: ukuta uliobomolewa ulikuwa na swichi na soketi mbili, na fundi mwenye leseni alipitisha nyaya upya juu ya dari badala ya kuziunga pale zilipokatwa.

Kaunta na ugali

Kaunta zilizochorwa zilikuwa na kimo cha sentimita 90, na juu yake sahani ya kioo ya kupikia iliyozamishwa. Mama si mrefu. Sentimita 90 ni sawa kwa kukatia sukuma. Kwa kusonga ugali wa watu kumi ni mateso, kwa sababu nguvu ya mwiko hutoka begani kushuka chini, na sufuria ikiwa juu hivyo anasukuma kwa kifundo cha mkono. Kioo nacho hakikuundwa kwa sufuria zito linalozungushwa na kugongwa. Tulirudi kwenye jiko la kusimama lenye juu ya chuma, na pembeni yake kaunta ikashushwa hadi sentimita 80. Kwenye uwazi, upande wa mezani, kaunta ilipandishwa ukingo wa sentimita 20 ili aliyeketi asione sinki na vyombo vichafu.

Wakwe

Hili halikuwa kwenye mchoro wowote. Mama yake mama huja mara kwa mara kwa ajili ya kliniki na kukaa siku kadhaa. Ni bibi wa zamani. Hali chakula mbele ya mkwewe wa kiume, na mwalimu naye, pamoja na ualimu wake wote, hajisikii vizuri kupita pale bibi alipo. Ukuta ulipokuwepo bibi alikula jikoni na binti yake, mlango ukiwa umerudishwa, na kila mtu aliheshimika. Alipofika baada ya ukarabati alisimama kwenye uwazi, akatazama huku na huku, akauliza, "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nilipendekeza milango ya kukunja. Bei yake ilimfanya mwalimu acheke. Mwishowe wakaamua wenyewe: bibi akiwapo, mwalimu hula sebuleni na redio yake. Mke wa mtoto wao wa kwanza, yeye, alisema kupika huku baba mkwe anatazama ni kama kufanya mtihani, akahamia kwenye jiko la nje, na naona analipenda kuliko la ndani.

Pale ilipofika

Katika gharama yote, kubomoa ukuta kulikuwa sehemu ndogo kabisa. Sakafu ilikuwa ya kwanza, makabati ya pili, kisha hewa na boriti. Ile bei ya fundi wa ngumi haikuwa ya uongo. Ilikuwa bei ya kazi nyingine.

Kiangazi cha kwanza baada ya kazi, Januari, kilitokea kijiufa chembamba kama unywele kwenye plasta, pale zile sentimita 90 zinapokutana na ukuta wa korido. Mwalimu aliniita akiwa na hofu. Huenda ni udongo mweusi unaojikunja kwa ukame, jambo ambalo kuta nyingine za nyumba hiyo zimekuwa zikifanya kwa miaka. Huenda pia ni mzigo mpya unaokaa kitako. Kwa kuutazama tu huwezi kutofautisha. Tumekata mistari ya penseli kuvuka ufa sehemu tatu, tarehe imeandikwa kando ya kila mstari, na mwalimu hupima kwa rula kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari. Ukifungika mvua zikija na kufunguka kiangazi, utazibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Ukizidi kupanuka hata wakati wa mvua, sakafu ya korido itavunjwa na kile kitako cha zege tulichokiepuka kitamiminwa.